Maoni Yetu: Sanduku la 13 na Kura 87



Iko dhana iliyoenea miongoni mwetu kwamba kura za maoni, yaani zile kura ambazo wanachama huzipiga wao kwa wao ili kumteua mtu wa kusimama kwa jina la chama, ni shughuli ndogo ya nyumbani, na kwamba mapambano ya kweli ni yale ya baadaye, tutakapokutana na wapinzani wetu. Mwenye dhana hii hupiga kura yake, kisha akarejea kwake kula chakula cha mchana, na khabari ya hesabu akawaachia wenye kuhesabu. Sisi tunaiona dhana hii kuwa ni ya hatari, na leo tumekusudia kuibainisha hatari yake kwa kisa cha watu wa mbali, kwani aghlabu mtu huliona kovu la mwenziwe kwa uwazi zaidi kuliko lake mwenyewe. Kisa chenyewe ni cha jimbo la Texas, nchini Marekani, mwaka 1948.

Hatukukichagua kisa hiki ili kuwacheka Wamarekani. Tumekichagua kwa sababu hesabu zake zinajulikana, tarehe zake zinajulikana, na mmoja wa waliohusika alikuja kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Ni nadra kupata somo lililo kamili namna hii.

Yafaa kwanza msomaji aelewe desturi ya wenzetu wale. Kila jimbo la Marekani hupeleka Maseneta 2 katika Baraza la Seneti, na kila mmoja hukaa miaka 6. Mtu wa kusimama kwa jina la chama hachaguliwi na kamati iliyojifungia chumbani, bali wanachama wa jimbo zima huitwa vituoni wakapiga kura. Katika Texas ya siku zile, ikiwa hakupatikana mtu aliyevuka nusu ya kura zote, wawili wa mwanzo hurudia. Tena chama cha Democratic kilikuwa na nguvu hata mgombea wa chama cha Republican alikuwa kama msindikizaji wa bwana harusi. Aliyeshinda katika kura za maoni za Democratic alihesabiwa kuwa ni Seneta tangu siku ile, na uchaguzi wa Novemba ulikuwa ni kutia muhuri tu. Kwa hiyo, ile iliyoitwa shughuli ya nyumbani ndiyo iliyokuwa uchaguzi wenyewe.

Na kwa kuwa ndiyo uchaguzi wenyewe, wenye nguvu walijitahidi sana kuuzuia mlango wake. Mwaka 1923 Texas ilitunga sheria ya kuwakataza watu weusi wasipige kura katika uteuzi wa chama cha Democratic. Sheria hiyo ilipovunjwa na Mahkama Kuu ya Marekani mwaka 1927, chama chenyewe kilichukua kazi ile ya kukataza, kikidai kwamba kilikuwa ni jumuiya ya watu binafsi, nacho kina hiari ya kumkubali kimtakaye na kumkataa kisiyemtaka. Hoja hii ilisimama mpaka mwaka 1944, katika kesi ya daktari wa meno wa mji wa Houston, Lonnie Smith, aliyenyimwa kura kwa rangi yake. Mmoja wa mawakili wake alikuwa Thurgood Marshall, ndiye yule yule aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba. Mahkama iliamua kwamba uteuzi wa chama ni sehemu ya uchaguzi wa umma, na chama hakina haki ya kumfungia mtu mlango kwa rangi yake. Hata hivyo kodi ya kura ilibakia, na asiyeilipa hakupiga kura.

Basi mlango ulifunguliwa kwa kiasi chake. Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kulilinda lililowekwa ndani ni jambo jingine.

Tarehe 24 Julai 1948 wanachama wa Democratic wa Texas walikwenda vituoni kumteua mtu wa Seneti. Wagombea walikuwa 11. Aliyeongoza ni Coke Stevenson, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo, kwa kura 477,077. Wa pili ni Lyndon Johnson, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la nchi yao, kijana kwa umri wa wanasiasa, aliyezunguka jimbo zima kwa helikopta akishuka katika viwanja vya vijiji ambavyo havijapata kuona chombo kama kile. Yeye alipata kura 405,617. Wa tatu, George Peddy, alipata 237,195. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Stevenson na Johnson walirudia tarehe 28 Agosti, siku ya Jumamosi.

Hapa ndipo panapoanza somo letu. Hesabu za marudio hazikwisha usiku ule, wala siku ya pili. Zilikuwa zikija kwa simu kutoka katika kila wilaya kwenda katika afisi ya hesabu iliyowekwa na magazeti, na afisi hiyo haikuwa ya serikali. Mara huyu akitangulia, mara yule. Kila siku zilikuja hesabu za kusahihisha hesabu: wilaya fulani imekosea kujumlisha, kituo fulani kimesahauliwa. Watu walikuwa wamekwisha kurudi makazini mwao, na kura zao zilikuwa bado zinatembea.

Siku ya Ijumaa, tarehe 3 Septemba, siku ya 6 baada ya masanduku kufungwa, Stevenson akiwa mbele kwa kura chache, ilikuja sahihisho kutoka mji mdogo wa Alice, wilaya ya Jim Wells, kusini ya Texas. Kituo chenyewe ni cha 13. Awali kituo hicho kilikuwa kimempa Johnson kura 765, na sasa ilisemwa kuwa ni 965. Stevenson naye aliongezewa 2. Kura zilizozuka baada ya siku 6 zilikuwa 202, katika hizo 200 zikawa za mtu mmoja. Hesabu ya jimbo zima ilipofungwa, Johnson alikuwa na kura 494,191 na Stevenson kura 494,104. Katika kura 988,295, tofauti ilikuwa ni 87, ambayo haifikii kura moja katika kila 11,000.

Walioiona karatasi ya kituo kile walisema kwamba tarakimu 7 iliongezwa kitanzi ikawa 9. Sisi tulio na mazoea ya daftari la duka hatukustaajabu. Wazee wetu walioandika hesabu zao kwa tarakimu za Kiarabu waliijua hila hii tangu zamani: 2 huongezwa jino moja tu ikawa 3, na mdaiwa wa rupia mbili akaamka na deni la rupia tatu. Ndiyo sababu mwenye akili huandika deni kwa tarakimu na kwa maneno pamoja, mbele ya mashahidi, na kila upande ukachukua nakala yake. Tarakimu peke yake ni mlango usio na komeo.

Stevenson alisafiri mwenyewe mpaka Alice akifuatana na Frank Hamer, askari mashuhuri mstaafu wa jimbo hilo, aliyejulikana kwa kuwakomesha majambazi Bonnie na Clyde mwaka 1934. Watu wa upande wake waliruhusiwa kuitupia jicho orodha ya waliopiga kura kwa muda mfupi tu. Hata kwa muda ule mfupi waliona ya kutosha. Majina kama 200 ya mwisho yaliandikwa kwa wino wa namna moja na kwa hati ya mkono mmoja, nayo yalifuatana kwa taratibu ya alfabeti. Yaani watu 200 wa mji ule walikuwa wamekwenda kupiga kura jioni ile wakijipanga mlangoni kwa herufi za majina yao, kama watoto wa darasani! Baadhi ya waliotajwa walipoulizwa walijibu kwamba hawakupiga kura kabisa.

Je, malalamiko haya yalipelekwa wapi? Yalipelekwa kwa chama, kwani ni uchaguzi wa chama. Tarehe 13 Septemba kamati kuu ya Democratic ya jimbo ilikutana katika mji wa Fort Worth. Wajumbe hawa walikuwa wenyewe wamegawanyika, wa huyu na wa yule, na kila mmoja alikuja akijua atainua mkono upande gani. Walipopiga kura, 29 walisema Johnson athibitishwe na 28 walisema asithibitishwe. Kura karibu milioni moja za wananchi zilikwisha kwa mkono wa mtu mmoja katika chumba kimoja.

Stevenson akaenda mahkamani. Jaji wa serikali kuu, T. Whitfield Davidson, alitoa amri ya kulizuia jina la Johnson lisichapwe katika karatasi za Novemba, na akatuma watu kuyafungua masanduku na kuchunguza. Uchunguzi ukiwa njiani, Hugo Black, mmoja wa majaji wa Mahkama Kuu ya nchi, aliisimamisha amri ile mwishoni mwa Septemba kwa hoja kwamba mahkama za serikali kuu hazina mamlaka ya kuingia katika uchaguzi wa jimbo. Uchunguzi ukakatika. Mwezi wa Novemba Johnson alimshinda mgombea wa Republican bila ya taabu, kama ilivyotazamiwa, akaingia Seneti akifuatwa na lakabu ya dhihaka: Lyndon wa Ushindi wa Kishindo.

Miaka ilipita. Johnson alifariki mwaka 1973, na George Parr, bwana mkubwa wa siasa za wilaya zile za kusini, alifariki mwaka 1975. Mwaka 1977 Luis Salas, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo cha 13, alimwambia mwandishi wa shirika la habari la Associated Press kwamba kura zile zilikuwa za uwongo, na yeye ndiye aliyezithibitisha. Ukweli ulikuja, lakini ulikuja miaka 29 baada ya haja yake. Kwamba Johnson mwenyewe aliamuru, hilo halikuthibitishwa mahkamani, nasi hatulisemi. Tunalolisema ni kwamba kura zilizozuka zilimfaa yeye, na mlango wa kuzichunguza ukafungwa.

Hapo msomaji atasema: masikini Stevenson, amedhulumiwa. Ngoja kwanza. Huyu George Parr, aliyekuwa akizitoa kura za wilaya ya Duval na za jirani zake kama mtu atoavyo mchele ghalani, hakuanza kazi yake mwaka 1948. Stevenson alipokuwa akigombea ugavana, kura za Parr zilikuwa zake yeye, tena kwa wingi ule ule usio na haya. Baadaye walikosana kwa jambo la cheo fulani alichokitaka Parr kwa mtu wake, na ghala likahamia upande wa pili. Wakati mizani ilipoinama upande wake, Stevenson hakupanda gari kwenda kutazama orodha. Aliponyamaza siku ile, alikuwa ameisaini hasara yake ya kesho. Mla cha mwenzie na chake huliwa.

Na Johnson naye alikuwa na historia yake. Mwaka 1941 aligombea Seneti katika uchaguzi maalumu wa Texas, na siku ya kura akawa mbele, watu wake wakashangilia. Kwa furaha, au kwa pupa, hesabu za wilaya zilizokuwa ngome zake zilitangazwa mapema. Wapinzani wake wakajua hasa idadi ya kura walizozihitaji, nao wakazipata: hesabu za kuchelewa zilikuja zikampa ushindi W. Lee O'Daniel kwa kura 1,311. Johnson alijifunza kutokana na hasara ile. Angeweza kujifunza kwamba hesabu ni lazima ilindwe kwa kila mtu. Matukio ya mwaka 1948 yanaonyesha kuwa watu wa upande wake walijifunza jambo jingine, nalo ni kwamba anayehesabu mwisho ndiye anayeshinda. Hivi ndivyo dhulma inavyorithiwa: aliyedhulumiwa jana asipodai sheria, leo hutafuta nafasi ya kudhulumu.

Tunajua kwamba wako wenye kutujibu: mbona matunda yake yalikuwa mema? Ni kweli kwamba Johnson, aliyeingia Seneti kwa kura 87, alikuwa Rais wa Marekani mwezi wa Novemba 1963, akatia saini Sheria ya Haki za Raia mwaka 1964, na tarehe 6 Agosti 1965 akatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyowafungulia vituo watu weusi wa kusini kwa nguvu za serikali kuu. Hatuipunguzi heshima ya kazi hiyo hata chembe. Lakini mtu yule yule aliviingiza vijana wa nchi yake kwa malaki katika vita vya Vietnam. Je, vita navyo tuviandike katika hesabu ya sanduku la 13? Ikiwa mema yake yanaihalalisha karatasi ile, basi na mabaya yake yaiharamishe. Ukweli ni kwamba aliyeongeza kitanzi juu ya 7 hakuwa akijua khabari za 1965 wala za Vietnam. Alijua tu kwamba bwana wake anataka kura 200. Duka haliruhusiwi kupunja ratili kwa kuwa mwenyewe hutoa sadaka siku ya Ijumaa. Mizani ina hesabu yake, na sadaka ina hesabu yake.

Basi, ndugu wanachama, sisi wa visiwa hivi tuna nini na Texas? Wazee wetu waliona kwa macho yao, Januari 1961, kiti cha Chake Chake kikiamuliwa kwa kura moja. Mtu asituambie kwamba 87 ni chache, au kwamba 5 ni chache. Kwetu sisi kura moja imekwisha kuwa na thamani ya jimbo zima. Nasi ni chama cha upinzani. Kila siku tunadai kwamba kura zihesabiwe mbele ya macho ya watu, kwamba matokeo yabandikwe, kwamba wakala asifukuzwe. Madai haya ni ya haki. Lakini yatakuwa na sauti gani ikiwa katika kura zetu wenyewe za maoni sanduku hulala nyumbani kwa mtu, na hesabu husahihishwa siku ya tatu? Ufa ulio katika ukuta wetu usingoje kuonyeshwa na jirani.

Kwa hivyo tunatoa nasaha zetu, na kila moja tumeitoa katika kisa hiki. Kwanza, kura zihesabiwe pale pale kituoni, siku ile ile, kabla ya mtu yeyote kuondoka. Pili, matokeo yaandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na kila mgombea apewe nakala iliyotiwa saini na wote, na nakala moja ibandikwe mlangoni. Tatu, orodha ya waliopiga kura ifungwe kwa mstari na saini mara tu kituo kinapofungwa, ili jina la 842 lisipate kumfuata mtu aliyekwisha kwenda kulala. Nne, malalamiko yasisikilizwe na wale wale walioshindana, wala na marafiki zao, kwani kamati ya 29 kwa 28 haihukumu, bali hujihesabu yenyewe. Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, mwanachama alalamike hata pale hesabu mbaya inapomfaa mtu wake.

Hili la tano halina karatasi wala muhuri wa kulilinda. Stevenson angelikuwa nalo katika miaka ya ugavana wake, pengine Parr asingelikuwa na ghala la kufungua mwaka 1948. Msimamizi wa kituo cha 13 angelikuwa nalo, asingelihitaji kungoja mpaka mwaka 1977 kusema lililo moyoni mwake, hali ya kuwa wakubwa wake wako kaburini na kura zimekwisha kuoza.

Kura ni amana. Aliyeipiga amekwisha kuiweka mikononi mwa wengine, naye hana risiti ya kuidai. Basi tutakapoitwa tena kuchagua mtu wetu, tuende kwa wingi, tupige kura kwa utulivu, kisha tusirudi majumbani. Tukae mlangoni mpaka karatasi ibandikwe, tuisome kwa tarakimu, tuisome na kwa maneno, ndipo twende kula.